Daftari Nililoambiwa Nisimwonyeshe Mtu

Mwaka 1990 nilikuwa Kidato cha Pili katika shule ya kutwa, na nilikuwa nikisoma chochote chenye maandishi. Tuliishi kwenye kota za kiwanda cha sukari upande wa Muhoroni, baba akiwa karani wa mizani ya miwa. Mama akinituma buchari nilikuwa nachelewa kurudi, kwa sababu nilisimama njiani kusoma gazeti lililofungia nyama kabla damu haijalowesha habari yote. Shuleni kulikuwa na kabati moja la vitabu, na kufikia Januari mwaka huo nilikuwa nimemaliza riwaya zote za upelelezi zilizokuwamo, nyingine mara mbili. Zote zilikuwa na mpango mmoja: mtu anauawa, mpelelezi anafika, watu wanahojiwa, na mwishoni muuaji anatajwa mbele ya wote.

Kisha Februari mauti yakaja Koru, jirani yetu. Kutoka kwetu ungepanda matatu asubuhi ukarudi kabla ya chakula cha mchana.

Tarehe 15 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, hajulikani alipo. Alikuwa ametoweka kutoka nyumbani kwake shambani siku chache tu baada ya kurudi kutoka Marekani, alikokuwa katika msafara wa Rais Moi. Kesho yake tukaambiwa mwili wake umepatikana chini ya kilima cha Got Alila, kilomita chache kutoka nyumbani kwake. Ulikuwa umechomwa moto. Kichwani kulikuwa na tundu la risasi, mguu umevunjika, na bastola iko kando. Maelezo ya kwanza ya polisi yalielekea kwamba marehemu alijiua.

Nilikuwa na daftari la hesabu ambalo halikuwa na kazi. Nikaanza kuandika humo tarehe, saa niliyosikia habari, na nani aliyeisema: redio ya taifa, Idhaa ya Kiswahili ya BBC, gazeti la nyama, mama wa jirani. Katika ukurasa wa tatu niliandika hivi: "Kama alijipiga risasi ya kichwa, nani aliuwasha moto? Kama alijichoma kwanza, mkono wa kushika bastola aliutoa wapi?" Kila mtu mzima wa kota zile alikuwa na swali hilo moyoni. Mimi nililiandika tu.

Nakumbuka sana jinsi sauti zilivyopungua wiki zile. Wanaume waliozoea kubishana kuhusu timu za kandanda za Gor na Ingwe mpaka usiku walikaa kwenye benchi lilelile, redio wameishusha hata ukipita hatua mbili husikii. Kwenye mfereji wanawake walizungumzia bei ya sabuni. Jioni moja alikuja mgeni wa baba, mtu wa KANU, chama tawala cha wakati huo, na nikiwa ninamimina chai nikauliza kama waziri anaweza kujiua halafu mwili ukaungua wenyewe. Mama alinifinya paja, akapinda kucha. Alama ile ilikaa siku nne. Mgeni alitabasamu, akasema mtoto huyu anasoma sana. Baba akajibu kwamba ni kweli, anasoma sana, na akabadilisha mazungumzo.

Usiku ule baba aliniomba daftari. Sikujua alijuaje. Alilisoma lote akiwa amesimama, amelisogeza karibu na taa ya chemni, akifungua kurasa taratibu kama anavyokagua risiti za mizani. Nilingoja kofi. Alipomaliza alilifunga akasema, "Una mwandiko mzuri. Usimwonyeshe mtu." Akalirudisha mkononi mwangu, akaenda kulala.

Kwa miaka mingi nilimshukuru kwa maneno yale, kwa sababu angeweza kulitia jikoni na hakulitia. Siku hizi nayaona kwa jicho jingine. Nampenda baba yangu, na najua alichokiogopa: makachero walikuwa kila mahali, na watu walijua kilichofanyika kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali Nairobi ambamo wapinzani waliteswa. Kazi ya mizani ingeondoka kwa neno moja la mtu wa chama, na nyumba yetu pamoja nayo. Lakini usiku ule aliniacha peke yangu na maiti. Nilikuwa na miaka 15, nikijua kwamba watu wazima wote niliowaheshimu wanajua kitu, na kwamba ujuzi huo hauna pa kusemewa. Utoto wangu uliishia hapo, si kwa kitabu wala kwa mvulana.

Hicho ndicho ninachotaka kukisema leo kwa wazazi wenzangu. Mtoto anayesoma hawezi kufichwa kifo chenye shaka. Atakipata kwenye kipande cha gazeti, na sasa atakipata kwenye simu, picha zote zikiwamo. Tukimnyamazisha, swali linabaki naye, na tunachokuwa tumemnyima ni mtu wa kulibeba naye.

Kuna mwingine ninayemfikiria kuliko hata waziri mwenyewe. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba mwili ule haukuonwa kwanza na polisi tarehe 16. Kijana mchungaji aliuona tarehe 13, mchana, akiwa na mifugo yake. Siku tatu nchi ikaendelea na shughuli zake, na yule kijana akachunga, akala, akalala, picha ile ikiwa machoni pake. Simlaumu hata kidogo. Angemwambia nani? Mimi nilikuwa na daftari na taa. Yeye alikuwa na kilima.

Niliposikia kwamba Scotland Yard, polisi wa London, wametuma mpelelezi, John Troon, nilifurahi kwa furaha ya mtoto. Nikasema sasa kitabu kimeanza. Nikaacha kurasa tupu mwishoni mwa daftari kwa ajili ya jina la muuaji. Troon akahoji watu, akaandika ripoti. Oktoba ikaundwa tume chini ya Jaji Evans Gicheru, na mwaka mzima magazeti yakajaa ushahidi; hapo baba naye akaanza kununua gazeti lake mwenyewe, akinipa nikimaliza kazi za nyumbani. Novemba 1991 Rais akaivunja tume kabla haijamaliza kazi. Watu wakakamatwa, wakaachiliwa. Mmoja tu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, alifikishwa mahakamani kwa mauaji, na 1994 mahakama ikamwachilia huru. Kamati teule ya Bunge iliundwa 2003, na ripoti yake ilipofika mezani 2010 Bunge likaikataa. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Kurasa zile bado ni tupu.

Na katikati ya hayo, Agosti 1990, Askofu Alexander Muge, mkosoaji wa serikali, alikufa barabarani akirudi kutoka Busia, gari lake likigongana na lori, siku chache tu baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Hilo niliandika mistari miwili tu. Nilikuwa nimechoka. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani mtoto wa vitabu hufurahia siri na vitendawili. Kwenye riwaya, ndiyo. Maiti ya kweli, ya mtu uliyemwona akipungia watu mkono kwenye gari, inamchosha mtoto kama homa.

Tupo waliokua miaka ile tukijifunza kwamba kuna sentensi za serikali na kuna sentensi za jikoni. Nimewaona wenzangu darasani, watu wenye akili kunishinda, wakiamua kwamba kusoma hakuna maana ikiwa jibu la mwisho linafichwa. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba ataacha fasihi asome uhasibu, kwa sababu hesabu ikikosewa angalau unaonyeshwa ulipokosea. Nilihuzunika siku ile na bado nahuzunika.

Juni 2025 binti yangu, akiwa na miaka 16, naye ni wa vitabu, alinijia jikoni na simu mkononi. Mwalimu Albert Ojwang alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi, kituo cha Central, Nairobi, baada ya kukamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya mambo yaliyoandikwa mtandaoni. Polisi walikuwa wamesema alijigonga kichwa ukutani seli. Siku chache baadaye uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, shingo kubanwa, na michubuko mwili mzima, mambo ambayo mtu hajifanyii. "Mama," akaniuliza, "kwa nini walisema ukuta?"

Nilihisi kucha za mama yangu pajani, miaka 35 baadaye.

Nilizima jiko, tukakaa. Tulisoma taarifa ya kwanza ya polisi, kisha maelezo ya daktari, neno kwa neno, tukitafuta yale ya kitabibu. Nilimwambia lipi limethibitishwa, lipi linadaiwa, na lipi hatulijui bado. Aliuliza kama naogopa. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikaenda chumbani, nikatoa lile daftari la hesabu kwenye sanduku. Jalada limeliwa na mende, lakini wino wa bluu umeshika. Alisoma ukurasa wa tatu, akacheka kidogo kwa mwandiko wangu wa kujipinda, halafu hakucheka tena. Alisoma mpaka giza likaingia.

Asubuhi alivaa sare, akaniomba aende nalo shuleni. Klabu yao ya mijadala ilikuwa na zamu siku hiyo, na yeye ndiye mzungumzaji wa kwanza. Maneno ya baba yalinijia mdomoni yote, na sauti yake. Mwandiko mzuri. Usimwonyeshe mtu. Nikayameza. Nililifunga kwenye mfuko wa plastiki lisilowe, nikamwambia alishike vizuri kwenye matatu.

Nilishinda siku ile nikiangalia simu.