Tres Hombres na miaka 19 ya ngoma za kupandikiza

Wimbo wa kwanza unakwisha, na kabla hujavuta pumzi wa pili umeshaingia. Kati ya Waitin' for the Bus na Jesus Just Left Chicago hakuna kimya hata cha kupepesa jicho. Nyimbo hizo ziliandikwa kila moja kivyake. Aliyekuwa akiunganisha utepe wa Tres Hombres, albamu ya bendi ya ZZ Top, alikata zaidi ya ilivyotakiwa, na kile kimya cha katikati kikaenda na kipande kilichokatwa. Muungano ukaachwa vilevile, na tangu hapo redio za Marekani zimezoea kuzipiga nyimbo hizo pamoja kana kwamba ni moja.

Naanza na kosa hilo kwa sababu ndilo kipimo changu kwa kila toleo la marudio. Fundi anayekabidhiwa utepe wa zamani huwa na kishawishi cha kunyoosha. Kwenye albamu hii, ukinyoosha tu umeharibu.

Tres Hombres ni albamu ya tatu ya ZZ Top, watatu wa Texas: Billy Gibbons kwenye gitaa, Dusty Hill kwenye besi, Frank Beard kwenye ngoma. Ilitoka Julai 1973 ikiwa na nyimbo 10 za dakika 33 na ushei, ikapanda hadi nafasi ya 8 kwenye chati ya albamu ya Billboard. Ni bluzi iliyopigwa kwa nguvu za roki, na uzuri wake mkubwa umo kwenye nafasi iliyo wazi kati ya chombo na chombo. Gitaa likinyamaza unasikia besi ikiendelea kutembea, na ngoma za Beard ni kavu, karibu na sikio, kama zinapigwa kwenye chumba kidogo chenye mazulia.

Wengi wa rika langu hatukuzisikia ngoma hizo. Mwaka 1983 bendi ilitoa Eliminator, albamu ya vinanda vya umeme na midundo ya mashine, ikauza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake. CD iliposhika soko, albamu sita za zamani zikakusanywa mwaka 1987 kwenye mkusanyiko wa CD tatu ulioitwa Six Pack. Tres Hombres haikuhamishwa kama ilivyokuwa. Ilirudishwa kwenye mitambo, ikamiksiwa upya, na ngoma zikatiwa mwangwi wa kidijitali ili zifanane na sauti ya miaka ile ya themanini.

Hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Anayefanya masta upya, yaani kusafisha sauti ya miksi iliyokwisha kuchanganywa, anapakua chakula kilekile kwenye sahani safi; anayemiksi upya, yaani kuchanganya tena sauti ya kila chombo, amerudi jikoni. Toleo la 1987 lilirudi jikoni, na kwa muda mrefu aliyetaka Tres Hombres kwenye CD hakuwa na chakula kingine cha kuagiza. Miksi ya 1973 ilisubiri hadi 2006, albamu hii na Fandango!, albamu nyingine ya bendi hiyo, zilipotolewa upya kutoka miksi ya asili. Miaka 19.

Hata hivyo, waliofanya kazi ile ya 1987 wana hoja, na si hoja nyepesi. Muziki unaotaka kuendelea kuishi lazima uingie kwenye masikio ya watu waliopo. Kijana aliyewajua ZZ Top kupitia video za Eliminator angeiweka Tres Hombres ya asili akaiona imesinyaa, akaipita. Kwa kupewa ngoma kubwa aliingia mlangoni, na wengine waliingia wakabaki, mimi nikiwa mmoja wao. Tena rekodi si msahafu. Wanamuziki wa bluzi wenyewe wamekuwa wakichukua wimbo wa jana na kuupiga kwa sauti ya leo tangu bluzi ianze. Ndivyo ilivyosafiri kutoka mashamba ya pamba ya Mississippi hadi magitaa ya umeme ya Chicago na Detroit.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo nzito, na kwangu inavunjika penye wimbo wa La Grange.

Sikiliza mwanzo wake kwenye toleo la 2006. Gitaa linachezwa kwa kubanwa, Beard anagonga ukingo wa ngoma kwa fimbo, na Gibbons ananong'ona kwa sauti nzito kama mzee anayejisemea barazani. Hapo anasikika waziwazi John Lee Hooker, mwanabluzi wa zamani: mdundo wa wimbo wake Boogie Chillen' wa 1948, pamoja na ile miguno yake. Undugu huo ulifika mahakamani. Mwenye haki za wimbo wa Hooker aliwashtaki ZZ Top, na mwaka 1995 mahakama ya rufaa ikaona kwamba kuuza santuri mwaka 1948 kulihesabika kuwa kuuchapisha wimbo, hivyo muda wa haki zake ulianza kuhesabiwa hapo, uamuzi uliotikisa haki za nyimbo nyingi za zamani hadi Bunge la Marekani likabadilisha sheria mwaka 1997. Kwenye miksi ya 1987 ngoma zinapoingia, mwangwi unafunika chumba kizima, na Hooker anazama. Kuusasisha wimbo wa zamani kwa kuupiga upya kunaacha ule wa kwanza ukiwa hai pembeni. Hapa ule wa kwanza uliondolewa dukani na mrithi akavaa jina lake.

Toleo la 2006 nalo silipokei kwa mikono miwili. Liliongeza rekodi tatu za jukwaani mwishoni. Ni nzuri, lakini albamu ilikusudiwa kukoma na Have You Heard?, wimbo wenye harufu ya kanisa, na baada yake panatakiwa kimya, si makelele ya umati. Kuna pia lawama ya jumla kwamba masta za miaka ile ya 2000 zilibana sauti ili kila kitu kisikike kikubwa, hata mahali ambapo mpigaji alikusudia kushuka. Wapo wanaong'ang'ania santuri ya 1973 kwa sababu hiyo, na siwalaumu. Tena kuna pesa: mtu aliyenunua santuri, kisha CD, ameombwa alipe mara ya tatu ili arudishiwe alichokuwa nacho mwanzo.

Nililipa. Kilichonishika si La Grange, ni Hot, Blue and Righteous, wimbo wa taratibu niliokuwa nikiuruka. Bila ule mwangwi, besi ya Dusty Hill inasikika ikisubiri, inachelewa nusu ya nusu ya pigo nyuma ya sauti ya Gibbons, na wimbo wote unaegemea hapo. Hill alifariki Julai 2021. Nilikuwa nimemsikia kwa miaka mingi bila kumsikia.

Miksi ya 1987 nisingependa ifutwe. Kuna watu ujana wao umo mle, na mwangwi ule ni sehemu ya historia ya albamu kama ulivyo ule utepe uliokatwa vibaya. Iuzwe, kando ya ile ya 1973, na mwaka wake uandikwe kwenye jalada la mbele kwa herufi za kusomeka.