Pedali ya Beethoven: tutii maandishi au tutii sauti?

Juu ya sehemu ya kwanza ya sonata ya piano opus 27 namba 2, ile iitwayo “Mbalamwezi”, aliyoitunga mwaka 1801, Beethoven aliagiza kwa Kiitaliano kwamba kipande chote kipigwe kwa ulaini mkubwa, tena “senza sordino”, yaani bila sordino. Chini kidogo akarudia maneno hayo. Sordino hapa ni vile vizuizi vinavyokaa juu ya nyuzi na kuzima sauti. Anataka viinuliwe, yaani pedali ya kulia ishikiliwe mwanzo hadi mwisho.

Jaribu hivyo kwenye piano ya leo. Katika vipimo (bar) vinne vya kwanza mkono wa kushoto unapiga oktava, yaani noti mbili za jina moja kwa pamoja: C#, B, A, F#, kisha G#. Ukifika A, zile C# na B bado zinanguruma chini yake, na sauti inageuka tope.

Kwa hiyo mpigaji anayebadilisha pedali hapo hajamdharau mtunzi. Piano ya Vienna ya enzi hizo ilikuwa na fremu ya mbao, nyuzi nyembamba na nyundo ndogo zilizovikwa ngozi. Besi, yaani noti ya chini, ilififia upesi na kuipisha inayofuata. Hata Carl Czerny, mwanafunzi wa Beethoven, alishauri pedali ikanyagwe upya kwa kila noti ya besi.

Lakini wanaoshika maandishi nao wana hoja nzito. Ukisafisha kila kipimo kama anayefuta ubao, umeua kile alichokitafuta: sauti kuingiliana. Mpiga piano András Schiff ni mmoja wa wanaoshika agizo hilo hata kwenye piano ya kisasa.

Naona haki iko kwenye nusu pedali. Besi inapobadilika, inua mguu kiasi cha vizuizi kugusa nyuzi tu, kisha ushushe tena. Kina hicho hutofautiana kati ya piano na piano: piga C# ya chini, achia pedali taratibu, sikiliza inapoanza kufifia. Tope likizidi, kwanza punguza uzito wa mkono wa kushoto.

Kuhusu mwendo siwezi kuwa mpole hivyo. Alama ya C iliyokatwa kwa mstari, mwanzoni mwa maandishi, inadai mapigo mawili kwa kipimo, noti za mkono wa kulia zikienda sita kwa kila pigo. Wengi huhesabu manne na kuburuta, wakivutwa na jina “Mbalamwezi”, ambalo lilikuja baada ya Beethoven kufariki mwaka 1827. Piano imebadilika, kuhesabu mbili hakujabadilika. Ukiburuta, wimbo unaoanza mwishoni mwa kipimo cha tano unakatika: G#, G# fupi, G# ndefu, kila moja peke yake. Ile fupi iangukie baada ya noti ya tatu ya kundi la noti tatu za mkono wa kulia, si pamoja nayo. Ichelewe kiasi gani, na ile ndefu ibebe uzito gani, Beethoven hakuandika. Hapo ndipo mpigaji ana nafasi yake.