Michezo ya nyumbani na kusoma: inachofundisha na isichofundisha

Mtoto wa miaka minne anayerudi kutoka chekechea na daftari lenye kurasa tatu za "a" anampa mzazi kitu cha kushika mkononi. Mwenzake aliyeshinda akifinyanga udongo hana cha kuonyesha. Ndiyo maana ubishi kuhusu michezo na kusoma hauishi majumbani. Wanaotetea daftari wanataka kuona kazi leo, wanaotetea mchezo wanaomba wasubiriwe mpaka darasa la pili. Kwa lugha inayoandikwa kama Kiswahili, tunaona mizani inaelemea mchezo, ila kwa sharti: mtu mzima awemo ndani ya mchezo huo na ajue anafundisha nini.

Hoja ya daftari si ya kubezwa. Herufi ni alama ambazo watu walikubaliana tu. Mtoto anaweza kucheza kombolela mpaka jua lizame bila kugundua kwamba kialama chenye vilima viwili ndicho sauti ya mwanzo ya "mama". Lazima aambiwe, tena mara nyingi. Tathmini za Uwezo, mpango wa kupima usomaji na hesabu za watoto, zilizofanyika nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda, zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi hufika darasa la tatu bila kuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Tanzania nayo mwaka 2015 ilibadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili, ukajikita kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu msingi ulikuwa unalegea. Ongeza shule binafsi zinazomfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea, na utaelewa hofu ya mzazi inatoka wapi.

Lakini hofu hiyo imeazimwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye Kiingereza, ambako herufi moja ina sauti kadhaa na mtoto anahitaji miaka kuzizoea. Utafiti uliolinganisha lugha za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2003, ulikuta kwamba watoto wengi wanaosoma lugha zenye maandishi ya wazi, yaani zinazoandikwa karibu kama zinavyotamkwa, huweza kusoma maneno ya kawaida kwa usahihi ndani ya mwaka wa kwanza wa shule, huku wa Kiingereza wakiwa nyuma sana. Finland, ambayo lugha yake huandikwa karibu kama inavyotamkwa, watoto huanza shule wakiwa na miaka 7. Kiswahili kiko kundi hilo: irabu tano, kila moja na sauti yake, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Mtoto wa miaka mitatu hakosi kitu kwa kukosa daftari. Hata hivyo, mtoto wa Finland hangoji bure mpaka miaka saba. Amesomewa na kusimuliwa kwa miaka kadhaa kabla. Anayenukuu mfano huo ili ajiepushe na kazi ya nyumbani amechukua nusu yake tu.

Kazi yenyewe inaanzia mdomoni, na hapa ndipo mchezo unapoishinda kalamu waziwazi. Kabla ya kuunganisha m na a, mtoto anapaswa kusikia kwamba neno lina vipande. Kuanzia miaka mitatu na nusu, pigeni makofi kwa silabi: ba-ba, ki-ji-ko, ka-ra-ta-si. Baadaye geuza iwe kazi ya kutumwa: "Niletee ki... ji... ko," ukitulia kidogo kati ya vipande, naye aunganishe mwenyewe na kukileta. Akizoea, mwache yeye ndiye akutume. Watu wazima hukosea kwenye m na n. "Mtoto" ni makofi matatu, m-to-to, lakini "mbuzi" ni mawili, mbu-zi, na "mbu" pia ni mawili, m-bu. Ukimpigia "mtoto" makofi mawili, atakapoandika ataacha m, na kosa hilo hujaa kwenye madaftari ya darasa la kwanza.

Akifika miaka mitano au sita, kuna mchezo ambao watoto wa pwani wameucheza tangu enzi: kinyume, yaani kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza. Meza inakuwa zame, kiti tiki, kikombe mbekiko, sufuria asufuri. Anayeweza kusema "mbekiko" bila kusita ameshika neno zima kichwani, akalikata, akalipanga upya, na yote hayo bila karatasi. Anza na maneno ya silabi mbili. Ukikimbilia ya silabi nne atachanganyikiwa na kuuchukia mchezo. Vitendawili hufanya kazi nyingine: vinamjazia msamiati na kumzoesha kufikiri juu ya maneno, kwa hiyo visichukuliwe kama mbadala wa michezo ya silabi.

Herufi zifuate hapo, na hapa tunakubaliana na watu wa daftari kwamba mafundisho yawe ya moja kwa moja. Anza na a, e, i, o, u, kisha m, s, l na n. Konsonanti hizi nne zinaweza kuvutwa, mmm, sss, hivyo mtoto husikia zinavyoingia kwenye irabu: mmmaa, ma. Herufi b, t na k hazivutiki. Anayezifundishwa kwanza huzibandikia irabu, akatamka "bu" na "a" halafu akashindwa kuziunganisha kuwa "ba". Kwa herufi tisa hizo tayari ana mama, simu, meli, nane, lima, soma, asali, limau, salama na elimu. Herufi moja mpya kwa wiki inatosha, na asipewe nyingine kabla ya kuitambua iliyopo bila kusaidiwa.

Kinachovuruga zaidi ni wimbo wa alfabeti ya Kiingereza unaopigwa kwenye simu kutwa. Humo a huitwa "ei", e huitwa "ii", i huitwa "ai". Mtoto aliyeukariri huiona e na kusema "i", akasoma "mili" palipoandikwa "meli". Ataujifunza Kiingereza wakati wake. Kwa sasa iite kila herufi kwa sauti yake ya Kiswahili.

Vifaa havihitaji duka. Herufi nyingi za plastiki zinazouzwa ni kubwa, na vitabu vimejaa ndogo. Kata katoni vipande vya sentimita 5 kwa 5, uandike herufi ndogo kwa kalamu nene: irabu nakala tatu tatu, konsonanti mbili mbili. Kwa herufi tisa za mwanzo utapata vipande 23. Chini ya kila herufi chora mstari. Bila mstari, n ikipinduliwa inakuwa u, m inafanana na w, d inakuwa p, na mtoto anayeonekana hajui herufi kumbe ameshika kipande juu chini. Vizibo vya soda, ambavyo wengi huvipenda, vina tatizo hilo mara mbili kwa kuwa ni duara na havina juu wala chini. Pia vina kingo kali. Na nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu isiwe na vizibo wala maharage ya kuchezea sakafuni. Huingia puani, masikioni na kooni.

Kuhusu mkono tusichelewe: kufinyanga udongo, kuchambua mchele na kuchora kwa kidole kwenye sinia lenye mchanga kina cha sentimita moja huimarisha vidole kabla ya penseli. Penseli ikija mapema mno, mtoto huikamata kwa ngumi, na mshiko huo ni mgumu kuubadili.

Sasa mipaka ya mchezo. Wanaouhubiri mara nyingi huandika kama kwamba kila nyumba ina mzazi aliyepumzika saa kumi jioni. Mama anayerudi sokoni saa mbili usiku hana saa ya "mchezo wa kujifunza", na dada wa kazi hakuajiriwa kuwa mwalimu. Kwa nyumba hizo tunashauri michezo ya mdomo pekee, wakati wa kumenya viazi au kumwogesha mtoto, dakika kumi. Hata mzazi asiyejua kusoma anaiweza. Nyumba inayozungumza Kisukuma au Kikikuyu icheze kwa lugha hiyo; uwezo wa kusikia vipande vya neno huhamia kwenye Kiswahili, ingawa lugha hizo zina irabu saba na baadhi zitahitaji maelezo baadaye.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi. Silabi ni rahisi kiasi kwamba mtoto anaweza kutamka a-ta-ku-le-te-a kwa usahihi, akafika mwisho bila kujua kilichosemwa, kwa sababu vitenzi vyetu ni virefu na mwanzo umeshamtoka kichwani. Wala kadi wala makofi hayatibu hilo. Kinachotibu ni kusoma sentensi ileile mara tatu au nne mpaka itoke kwa mkupuo, pamoja na kusikia hadithi nyingi. Hiyo ni mazoezi ya kawaida, yanachosha kidogo, na watetezi wa mchezo wakiri hivyo.

Mtoto akitimiza miaka sita na nusu, akawa amecheza kwa miezi kadhaa na bado hawezi kusema "simu" inaanza na sauti gani, usimwongezee mchezo wala daftari. Mpeleke akapimwe masikio kwanza, hasa kama amekuwa akitokwa na usaha sikioni, kisha macho.