Simu ya usiku ndiyo inayoharibu kipindi cha asubuhi
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba shule ikipiga marufuku simu, usikivu wa wanafunzi darasani utarejea wenyewe. Mimi ni mwalimu wa sekondari na sipingi marufuku hiyo, ambayo Ufaransa iliiwekea sheria tangu mwaka 2018, kwa kuwa mlio mmoja tu wa ujumbe hugeuza vichwa vya safu nzima. Lakini kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na yule aliyekesha akitazama video fupi zinazofuatana bila kikomo huingia kipindi cha kwanza akiwa na macho mekundu, hujibu kwa ukali akiulizwa jambo dogo, kisha hulaza kichwa juu ya daftari kabla sijamaliza kuandika mada ubaoni, ilhali simu yake imefungiwa ofisini. Baadhi yao hunieleza kuwa hawathubutu kuizima usiku kwa kuhofia kusengenywa au kuondolewa kwenye kundi la wenzao, na hofu hiyo, ambayo makala haikuigusa kabisa, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Wazazi mnaosoma hapa, simu ya mtoto wenu hulala chumba gani?