Jino Linalocheza Lifungwe Lini?

Mgonjwa wa fizi akiona meno ya mbele ya chini yanacheza, ombi lake huwa moja: "Daktari, nifungie." Anataka yaunganishwe na jirani zake kwa waya mwembamba uliogandishwa kwa rezini, yaani gundi ngumu ya meno, upande wa ulimi. Ombi hili ni la kale. Taya lililofukuliwa Sidon, Lebanoni, la karne ya 5 kabla ya Kristo, lina meno ya mbele yaliyofungwa kwa waya wa dhahabu, na mfupa wake umelika.

Wanaosema tusiharakishe wana hoja nzito. Mfupa kulika ni sababu moja tu. Fizi ikivimba, nyuzi zinazoshika jino hulegea pia, na likigongwa kila mtu anapouma, huzidi kusukumwa. Ukoga mgumu ukikwanguliwa hadi chini ya fizi, na panapogongana pakichongwa kidogo, jino lililokuwa likiyumba huweza kutulia lenyewe ndani ya miezi mitatu hivi. Ukilifunga siku ya kwanza, utajuaje kama limepona au limeshikiliwa tu? Tena waya huzuia uzi wa kusafishia kupita, na ukoga hurundikana palepale penye ugonjwa.

Hata hivyo, subira isigeuzwe sheria. Daktari hulibana jino kati ya mipini ya vyuma viwili, akalisukuma nje na ndani. Kipimo hicho hakimwambii daktari jinsi mgonjwa anavyokula. Yupo ambaye jino lake linacheza kidogo, halizidi mwaka hadi mwaka, na mahindi ya kuchoma anatafuna. Huyo afungwe ya nini? Mwingine anamega mkate vipande vidogo kwa kuogopa kuuma. Huyu nisingemwacha asubiri miezi mitatu, wala yule ambaye jino linayumba kiasi kwamba hata kulikwangua haiwezekani. Afungwe kwa muda, matibabu ya fizi yaendelee.

Ninaposita ni kwa jino linalozama likibonyezwa, na jirani zake nayo yanacheza: waya utashika wapi? Nasita pia kwa mgonjwa asiyeweza kurudi kukaguliwa. Rezini ikibanduka kwenye jino moja hasikii kitu, kwa kuwa mengine bado yamelishikilia, na chini yake jino linaoza. Huyo aambiwe hilo mapema, kabla waya haujafungwa.