Mkutubi akikataa kuonyesha muvi skuli, kwanza tumsikilize

Kila skuli zikikaribia kufungwa mabishano haya yanarudi. Mitihani imekwisha, walimu wanasahihisha, madarasa yamejaa watoto wasio na la kufanya, na maktaba kuna projekta. Ticha mmoja anakuja na flashi ina muvi tano sita, anamwambia mkutubi tufungulie tuwawekee watoto watulie. Mkutubi akisema hapana, hizi hatuna ruhusa nazo, basi keshakuwa mbaya wa skuli nzima, mara anaringa, mara ana roho mbaya, mara anajifanya anajua sheria kumshinda mwalimu mkuu. Yanasemwa yote hayo, lakini ile hoja yake yenyewe haijibiwi na mtu.

Walimu nao wana lao, na ni zito. Hebu niambie leo muvi ya halali Unguja unainunua wapi? Maduka ya DVD yamekufa, ile sinema ya Majestic pale Vuga zama zake za kujaza watu zimepita zamani, na Netflix inataka malipo ya kila mwezi na bando la maana, na hata ukilipa masharti yao yanasema ni kwa matumizi yako binafsi na watu wa nyumbani kwako tu, darasa la watoto 60 si nyumbani kwako. Ukenda Micheweni kule Pemba ndio mtihani zaidi. Kwa hiyo mwalimu anauliza, huyo mwenye muvi aliyeko Hollywood anapoteza nini hasa ikiwa watoto wa Pemba wataiona kazi yake, maana tiketi wasingenunua wala leseni skuli isingelipa? Na wako wanaoongeza kuwa elimu haifichwi, mtoto ambaye hajawahi kuona theluji wala volkano akiiona kwenye projekta dakika kumi anaelewa kuliko jografia ya mwezi mzima ya ubaoni. Kweli kabisa, na mkutubi yeyote anayeijua kazi yake atakwambia hivyo hivyo.

Ila tazama mambo mawili yalivyochanganywa hapo. Muvi ya somo na muvi ya kupitisha muda zimewekwa kwenye kapu moja, na karibu kila nchi iliyokaa ikalifikiria jambo hili imezitenganisha. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania imo tangu 1994, unaziachia nchi ziruhusu kazi za watu zitumike kufafanulia somo, kwa kiasi kinachohitajika na kwa njia ya haki. Marekani sheria yao inaruhusu mwalimu kuonyesha filamu darasani ana kwa ana na wanafunzi wake, kwenye skuli isiyo ya biashara, ikiwa ni sehemu ya kufundisha. Uingereza, sheria ya 1988, muvi ikionyeshwa skuli kwa walimu na wanafunzi kwa ajili ya mafunzo haihesabiwi kuwa imeonyeshwa hadharani, lakini wamesema wazi kuwa mzazi hahesabiki kuwa mtu wa skuli kwa sababu tu mwanawe anasoma pale, kwa hiyo siku ya mahafali na wazee wamekaa kwenye viti hiyo ruhusa haipo tena. Sisi Zanzibar tuna sheria yetu wenyewe ya hakimiliki, namba 14 ya 2003, na tuna COSOZA, chombo chetu cha hakimiliki, maana hakimiliki si jambo la Muungano, na mtu asikwambie eti hayo ni mambo ya bara.

Kwa hiyo mkutubi anayemkubalia ticha wa biolojia dakika kumi na tano za moyo unavyosukuma damu, halafu mchana akamkatalia ticha mwengine muvi ya ngumi ya saa mbili, hajajipinga hata kidogo. Kesi ni mbili tofauti. Na pakiwekwa kiingilio, hata shilingi 500 za kuchangia chaki, inakuwa ya tatu kabisa, hapo skuli imeshakuwa sinema.

Sasa nije kwenye flashi, maana naona hapa ndipo watu wanapopaparukia juu juu. Tunabishana kuhusu kuonyesha, lakini hatusemi ile kopi imetoka wapi. Imetoka kwenye kibanda cha kuwekea watu muvi na nyimbo, kijana ana kompyuta, unampa flashi na pesa kidogo anakujazia. Ile sheria ya Marekani iliyo na huruma na walimu inasema kuwa kopi ikiwa haikutengenezwa kihalali na anayeonyesha anajua au ana sababu ya kujua, basi ruhusa inaanguka, hata kama ni somo. Sijaileta kwa sababu inatufunga sisi, haitufungi, nimeileta kwa sababu hata mtu aliyeandika sheria akiwa anataka kumsaidia mwalimu alifika hapo akasimama.

Na flashi ikishachomekwa haiondoki kama ilivyokuja. Faili linahamishwa kwenye kompyuta ya maktaba "lisije likakatakata", linabaki pale. Walimu wanahamisha kwenye simu zao, wa Form Four simu hawaruhusiwi lakini memori kadi inakaa ndani ya mkebe wa kalamu. Chukua watoto 20 tu waliochukua, kila mmoja akampa wawili mtaani, jioni hiyo zipo kopi 60 zilizotoka chini ya bango la maktaba ya skuli. Mwaka unaofuata kompyuta ina folda nzima, na watoto wanaijua maktaba kuwa ndipo unapokwenda kujaziwa muvi. Hii ndiyo tofauti kubwa baina ya kuonyesha mara moja na kugawa, na anayeiona ni mkutubi kwa sababu ufunguo wa chumba anao yeye na kompyuta ipo kwa jina lake, sie wengine tumeshaondoka na vicheko vyetu.

Na hizo kopi si zote za Hollywood jamani. Kwenye flashi hiyo hiyo mna filamu za Bongo na mna vichekesho vya vijana wetu wa hapa hapa, ambao wamekodi kamera, wamewapikia waigizaji, wamepanda boti kwenda Pemba kurikodi kwa pesa za mfukoni. Huyu anayo hasara, tena ya karibu. Mzanzibari hana studio wala bima nyuma yake, anategemea mtu wa Chake na wa Mkoani walipe kidogo kidogo. Ile hoja ya "hapotezi kitu" inayumba mara tu mwenye kazi akiwa jirani yako. Halafu mtoto mwenyewe huyu tunayemuonyesha muvi iliyoibiwa ndiye tunayemwambia asinakili insha ya mwenzake, na ndiye huenda kesho akapeleka filamu yake kwenye tamasha la filamu la ZIFF pale Ngome Kongwe akitaraji watu wamheshimu.

Kwa upande wa dini, kwa kuwa hoja ya kutoficha elimu imetajwa, na iendelezwe mpaka mwisho. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, yaani baraza la wanazuoni wa sharia, ilikaa Kuwait mwaka 1988 ikaamua kuwa haki za mtunzi, za mvumbuzi na za jina la biashara ni haki zinazolindwa na sharia na haifai kuzivamia. Sote tumefundishwa madrasa kuwa haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe asamehe. Kufundisha elimu ni jambo moja, kuchukua kazi ya mtu ili watoto watulie tukasahihishe ni jengine, na la pili halina jina la elimu hata ukiligeuza vipi.

Narudi kwa walimu, maana ile shida ya kupata muvi ya halali bado ipo pale pale na kumwambia mtu "hapana" bila njia ni kumuonea. Njia zipo japo chache. Picha na video nyingi za NASA hazina hakimiliki, jografia na sayansi zinafaidika nazo sana. Netflix wana baadhi ya dokumentari zao wanazoruhusu wazi zionyeshwe kwa elimu mara moja bila kiingilio, imeandikwa kwenye ukurasa wa dokumentari yenyewe. Na watengenezaji wa hapa kwetu waandikieni barua, barua moja ya skuli yenye muhuri, muvi gani, siku gani, watoto wangapi, hakuna kiingilio, faili halitabaki kwenye kompyuta. Binafsi naamini wengi watakubali, na wengine watakuja wenyewe kuzungumza na wanafunzi, jambo ambalo ni bora kuliko hiyo muvi.

Lakini haifai mzigo huu wote abebe mkutubi mmoja wa skuli ya kijijini, na hapa ndipo lawama yangu inapokwenda. Uingereza waliliona hilo, Wizara ya Elimu yao inanunua leseni za filamu kwa pamoja kwa ajili ya skuli za serikali za England, mwalimu hana haja ya kugombana na mtu. Wizara yetu ya Elimu na Mafunzo ya Amali na COSOZA wanaweza kukaa meza moja wakaanza na filamu za ndani tu, wakakubaliana malipo madogo kwa mwaka, wakatoa waraka wa ukurasa mmoja skuli zote Unguja na Pemba: la somo ruhusa hivi, la burudani omba hivi, kiingilio usiweke, flashi ya kibandani isiingie maktaba. Waraka huo ukibandikwa mlangoni, ticha akija na flashi yake atasomeshwa karatasi, na mkutubi ataendelea kupanga vitabu vyake.