Mashine ya Gemu Hushinda kwa Wasioinunua

Ukitaka ubishi Ngamiani, hapa Tanga, wala usihangaike na siasa. Hata habari za timu zetu za mpira, Coastal na African Sports, ziweke kando. Ingia banda la gemu jioni, useme Xbox ya Microsoft ni mashine nzuri kuliko PlayStation ya Sony. Utajibiwa na watu kumi kwa mpigo, na ukiwauliza nani kati yao amewahi kushika padi ya Xbox, wataanza kutazamana. Na hiyo PlayStation wanayoitetea mpaka mishipa ya shingo inawatoka, wengi wao hawana nyumbani. Hawajawahi kuwa nayo. Wanacheza kwa mia mbili, kwa mia tano, mechi moja moja, anayefungwa anampisha mwenzake.

Hoja yangu inaanzia kwa watu hao. Wanaoandika habari za gemu huko Marekani, Ulaya na Japani huhesabu mashine zilizouzwa, kisha hutafuta sababu kwenye chipu, picha na matangazo. Mimi naona mashine ya gemu huenea kwa nguvu ya watu wasioinunua: jirani aliyepita kusalimia akapewa padi, mdogo mtu anayengoja kaka yake atumwe dukani, mwanafunzi aliyeazima CD kwa mwenzake akaahidi kuirudisha Jumatatu. Mashine inayompa nafasi mtu wa pili hufika mbali. Inayomfungia nje hubaki kwa mwenyewe, hata iwe na nguvu kiasi gani.

Chukua PS2, yaani PlayStation ya pili. Ilitoka Japani Machi 2000, Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na kati ya hapo ziliuzwa zaidi ya milioni 155. Mpaka leo ndiyo mashine ya gemu ya kuwekwa sebuleni iliyouzwa kuliko zote. Sababu inayotajwa kila mahali ni DVD, na ni ya kweli: mwaka ule deki ya DVD ilikuwa ghali, na baba ambaye asingetoa hela kwa ajili ya gemu alitoa kwa ajili ya deki. Ilikubali pia CD za PlayStation ya kwanza, kwa hiyo aliyekuwa na gemu za zamani hakulazimika kuanza upya.

Lakini ukija kwetu Tanga kuna sababu ambayo huikuti kwenye vitabu vya hesabu vya Sony. PS2 ilikubali kutiwa chipu, na ikishatiwa chipu ilisoma CD za kunakili zilizouzwa kwa bei ya soda mbili tatu. Baadaye mafundi wakagundua njia ya memori kadi iliyotiwa programu maalumu, gemu zikapakiwa kwenye flashi. Hapo ndipo mashine ilipopata uhai wa pili, maana lenzi ndiyo iliyokuwa ikifa kwanza kwenye mashine zinazowaka tangu asubuhi mpaka usiku, tena kwa vumbi la mtaani. PS2 iliyokufa lenzi, Ulaya ilitupwa. Hapa iliendelea kumlipia mwenyewe kodi ya chumba. Siusifu wizi wa kazi za watu, na Sony hawakupata hata senti kutokana na CD zile. Ila historia ya PS2 kwenye mwambao huu bila nakala za magendo ni hadithi ya kutunga.

Na kulikuwa na matundu mawili ya padi pale mbele. Waya wake wa njano, mweupe na mwekundu uliingia kwenye TV yoyote ya chogo, hata ile iliyokwisha kutupwa stoo. Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo aliweza kufungua banda kwa mashine moja, TV ya mtumba, benchi na pazia la kuzuia jua. Ukumbi umepatikana.

Kilichobaki ni gemu yenyewe, nayo ilikuwa mpira. Watu huidharau sababu hii kwa kuwa iko wazi mno. Mpira kwenye gemu hauhitaji ujue Kiingereza wala Kijapani, sheria zake mtoto anazijua kabla hajaanza shule, mechi inaisha ndani ya dakika chache na mshindi hana ubishi (ubishi upo, lakini matokeo yako kwenye kioo). Ni gemu iliyozaliwa kwa ajili ya zamu. Konami na EA, makampuni yanayotengeneza gemu za mpira, walilijua hilo vizuri: FIFA 14 ya EA na PES 2014 ya Konami zote zilitoka kwa PS2 mwaka 2013, miezi kadhaa baada ya mashine yenyewe kusimamishwa kiwandani. Hawakufanya vile kwa huruma. Wachezaji walikuwa bado wapo, na wengi hawakuwa London wala Tokyo.

Sasa kuna atakayenirudi kwa Dreamcast, mashine ya kampuni ya Sega ya Japani, na ana haki. Sega waliitoa Japani Novemba 1998 na Marekani Septemba 1999. Ilikuwa na matundu manne ya padi. Ilikuwa na modemu ndani yake, ya kuchezea kwenye intaneti, wakati ambao wengi hata hapo Marekani walikuwa bado wanajifunza kutuma barua pepe. CD zake zilinakiliwa bila hata kutia chipu. Kama kumkaribisha mtu wa pili kungetosha, Dreamcast ingekuwa mfalme. Badala yake Sega waliacha kuitengeneza Machi 2001, ikiwa imeuza karibu milioni 9 tu, na tangu hapo kampuni haijatengeneza mashine nyingine ya kushindana na wenzake. Wazee wetu walisema kizuri chajiuza. Dreamcast ilikuwa nzuri, na haikujiuza.

Kwa maoni yangu ilikufa kabla haijazaliwa. Mwishoni mwa 1994 Sega waliwauzia wateja kifaa cha kuongezea nguvu mashine yao ya zamani, kikiitwa 32X, na muda mfupi baadaye wakakitelekeza. Mei 1995, kwenye maonyesho ya Los Angeles, wakatangaza kwamba Saturn, mashine yao mpya iliyotarajiwa Septemba, ilikwisha kufika madukani siku ileile, dola 399. Maduka ambayo hayakupewa mzigo yalikasirika, na mengine yakagoma kuuza vitu vya Sega. Waliokuwa wakitengeneza gemu walikutwa kazi zao bado ziko nusu. Siku hiyohiyo mtu wa Sony, Steve Race, akapanda jukwaani, akatamka bei ya PlayStation, “299”, akashuka. Mpaka Dreamcast inakuja, mnunuzi alikuwa amekwisha kuumwa na nyoka, na EA, wenye gemu za michezo, walikataa kuitengenezea hata moja. Watu wakaketi kuingoja PS2.

Mtu wa pili hawezi kukaribishwa kama hakuna wa kwanza. Lazima apatikane wa kutoa hela yake, mzazi wa Ohio kule Marekani au mwenye banda wa Makorora hapa Tanga, na huyo hanunui mashine peke yake, ananunua imani kwamba mwakani gemu mpya zitakuwepo na spea zitapatikana. Ukimtapeli mara mbili, wale kumi waliokuwa wakingoja zamu nyuma yake nao umewapoteza.

Sony wenyewe walikaribia kuisahau sheria hiyo walipoleta PS3 mwaka 2006. Marekani ile yenye nafasi kubwa ya kuhifadhia gemu iliuzwa dola 599, na Ken Kutaragi, baba wa PlayStation, alikwisha kusema anataka watu waone kuwa inafaa kufanya kazi saa za ziada ili waipate. Basi wengi wakaenda Xbox 360. PS3 ilikuja kupata nafuu iliposhushwa bei na kupunguzwa mwili mwaka 2009.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa 2013, kwa sababu pale mtu wa pili alifukuzwa mlangoni hadharani. Microsoft walitangaza Xbox One, wakasema mashine itabidi iingie kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo hutacheza. CD ya gemu ungeweza kumpa rafiki mara moja tu, na rafiki mwenyewe awe amekaa kwenye orodha ya marafiki zako kwa siku 30. Jaribu kuipeleka sheria hiyo Barabara ya Kumi na Mbili hapa Tanga uone watu watakavyocheka! Don Mattrick, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha Xbox, alipoulizwa juu ya wasio na intaneti alisema mashine yao ipo, ni Xbox 360. Yaani baki na kuukuu yako.

Sony wakajibu kwa video fupi ya sekunde chache. Bosi mmoja, Shuhei Yoshida, anampa mwenzake kasha la gemu mkononi, mwenzake anasema asante. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maelekezo ya namna ya kuazimana gemu kwenye PS4. Bei ikawa dola 399 dhidi ya 499 za Xbox, ambayo ilimlazimisha mnunuzi achukue na kamera ya Kinect, atake asitake. Microsoft walibatilisha sheria zao Juni hiyohiyo, kabla mashine haijafika dukani, lakini neno lilikwisha kutoka. PS4 iliuza zaidi ya milioni 117, na mpaka leo Microsoft hawajaziba pengo lile.

Nintendo, kampuni nyingine ya Japani, wana njia yao. Wii ya 2006 ilikuwa dhaifu kuliko wenzake wote wa wakati wake, na ikauza zaidi ya milioni 101, kwa sababu bibi alipewa rimoti, akaipunga kama anapiga tenisi, na ikawa tenisi. Hakuna vitufe vya kukariri. Wii U iliyofuata mwaka 2012 ilikuja na padi moja kubwa yenye kioo, mmoja anaishika na wengine wanamtazama, tena jina lake liliwafanya wengi wadhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii ya zamani. Haikufika hata milioni 14. Kisha Switch, 2017, padi zake mbili ndogo unazichomoa ubavuni, moja unampa mwenzako palepale mlipo. Imepita milioni 150.

Na bado Switch huioni kwenye mabanda ya Tanga. Kwa nini? Bei ya gemu zake haishuki kwa urahisi, hilo moja. Mpira wake kwa miaka mingi ulikuwa toleo la kupunguzwa, hilo la pili, na kwa banda ni zito zaidi. Lakini kubwa ni mazingira. Fundi wa hapa anaifungua PlayStation akiwa anaongea na wewe, anajua kila skrubu. Padi za Kichina zinazofanana na za Sony zimejaa madukani, ukivunja moja kwa hasira ya kufungwa penalti unanunua nyingine kesho yake. Mteja anaingia akiwa tayari anajua kitufe cha pasi na cha kupiga. Mwenye banda akileta mashine ngeni, ananunua pia kazi ya kuwafundisha upya wateja wote, na hakuna atakayemlipa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo aliyeshinda mwaka 2003 anaendelea kushinda 2013, na wajukuu wa PS2 wanarithi mtaa mzima bila jasho.

Ndiyo maana sielewi wanakoelekea sasa. PS5 Pro ya 2024 ilitoka kwa dola 699 bila sehemu ya kuingizia CD. Ukiitaka unanunua kando. Gemu unaishusha kwa bando, inakaa kwenye akaunti yako, humpi mtu mkononi na huiuzi ukiichoka. Kwa mtu mwenye faiba nyumbani na kadi ya benki, ni raha tupu. Kwa mwenye banda, kila kitu kilichomfanya aipende PlayStation kimeondolewa kimoja kimoja, na kila kilichopandishwa bei kinapaswa kulipwa na mechi ya mia tano. Hesabu haifungi. Wakati huohuo, EA Sports FC 25 ilitoka mwaka huohuo kwa PS4 pia, mashine ya 2013, kama vile FIFA 14 ilivyotoka kwa PS2. EA wanajua watu wako wapi.

Wapo wanaoniambia mambo yote yamehamia kwenye simu, kwamba eFootball, gemu ya mpira ya Konami, ni ya bure na kila kijana anayo mfukoni. Ni kweli anayo. Lakini akitaka kumfunga mtu anayemjua, mbele ya watu wanaomjua, bado anakuja bandani na mia tano yake. Mwenye banda mmoja niliyemuuliza kama anafikiria kuleta PS5 hakunijibu. Aliniuliza kama namfahamu mtu anayeuza PS4 ya mtumba, iwe inasoma CD vizuri.